Nyota nne kwa watu waliopima ardhi chini ya kituo cha mafuta cha zamani, na kwa nini ya tano nimeibana

Kiwanja tulichonunua mimi na mdogo wangu kilikuwa kituo cha mafuta. Halikuwa jambo la siri: misingi ya pampu ilikuwa bado ipo, imeota majani, na za paa zilibaki nguzo mbili. Muuzaji alitukabidhi hata ripoti ya uchunguzi wa ardhi, kurasa 14 zenye mhuri, iliyosema udongo ni safi. Mdogo wangu alishaanza kuchora vyumba vya kupangisha na mahali pa kuchimba kisima cha maji. Mimi nimefanya kazi kwenye maabara ya shule miaka 27, kuosha chupa, kuchanganya asidi na kuwagombeza wanafunzi wasinuse kila wanachokiona. Nikiambiwa "hakuna kitu" huwa nauliza kwanza: mlitafuta wapi?

Jibu lilikuwa kwenye ramani ya ukurasa wa mwisho. Matundu mawili tu, yote upande wa barabara, karibu na iliyokuwa ofisi. Matangi yako nyuma. Na tundu refu kuliko lingine lilikwenda mita 2. Tangi la kituo huzikwa chini ya udongo wa kama mita moja, na lenyewe lina kipenyo cha mita mbili au zaidi, kwa hiyo sakafu yake iko mita 3 na kitu. Wale jamaa walichimba mbali na tangi na hawakufikia hata kina cha sakafu yake. Udongo waliopima huenda ulikuwa safi kweli. Haukuwa udongo tulioulizia.

Ndipo tukaajiri kampuni yetu wenyewe. Jina silitaji, maana nina malalamiko nao pia na sitaki ugomvi, lakini kazi nitaieleza yote ili anayetaka kuajiri watu wa aina hii ajue cha kuangalia.

Siku ya kwanza hawakuja na mashine. Alikuja binti mmoja, mjiolojia, na daftari. Akazunguka kiwanja, akapiga picha kila doa jeusi kwenye sakafu, kisha akauliza majirani nani aliwahi kufanya kazi hapa. Wakamwonyesha mzee mmoja ambaye alihudumu pampu tangu kituo kinafunguliwa hadi kinafungwa. Binti akamwamkia vizuri, akageuza ndoo akaketi, na hakumkatiza. Nilipenda hilo. Michoro ya zamani tuliyokuwa nayo ilionyesha matangi mawili, la petroli na la dizeli. Mzee aliitazama, akacheka.

"Mwanangu, yalikuwa matatu. La mafuta ya taa lilikuwa pale kwenye uzio. Lilipoanza kuingiza maji wakaliacha, wakamwaga zege juu."

Akaendelea kueleza mambo ya kazi yake: jinsi alivyopima kila tangi asubuhi na jioni kwa kijiti kirefu chenye alama, akikiachia kishuke hadi kigonge chini, jinsi lori la mafuta lilivyokuwa likijaza kupita kiasi na mafuta kufurika kwenye mdomo wa tangi, "kidogo tu, kikombe hivi, lakini kila wiki". Binti aliandika yote. Nilifikiri anampa mzee heshima yake tu, kumbe pale ndipo ramani ya matundu ilipochorwa. Uvujaji wa vituo, aliniambia baadaye, mara nyingi hautoki kwenye tangi lenyewe bali kwenye mabomba na maungio, chini ya pampu, na pale mdomoni panapojaziwa. Asiyewauliza waliomwaga atachimba kwa kubahatisha.

Siku ya pili walileta kipima sumaku na rada ya ardhini, ile inayosukumwa kama kigari cha mtoto. Kipima sumaku kilipiga kelele hatua nne kutoka kwenye uzio. Tangi la tatu lilikuwa pale pale mzee alipoonyesha kwa fimbo.

Uchimbaji wenyewe ulichukua siku tatu, na nusu siku ya kwanza ilikuwa ya mikono. Mita moja na nusu ya juu ya kila tundu waliichimba kwa kekee ya mkono kwa sababu kiwanja cha aina hii kina nyaya na mabomba ambayo hakuna anayekumbuka yalipopita. Mdogo wangu alinung'unika kwamba tunalipia mashine imesimama. Kwenye tundu la pili kekee ikagonga bomba la maji. Hakunung'unika tena.

Baada ya hapo mashine husukuma bomba la chuma ardhini, na ndani yake kuna bomba jingine la plastiki angavu lenye urefu wa mita 1.2 linalojaa udongo. Likitolewa, hulazwa mezani, linapasuliwa kwa kisu chenye ndoano kuanzia mwanzo hadi mwisho, na unauona udongo ulivyolala tabaka kwa tabaka. Kwenye tundu namba 4, nyuma ya tangi la petroli, hadi mita 4 ulikuwa udongo wa kahawia wa kawaida kabisa. Kufika mita 5 ukageuka kijivu chenye ukijani, kama tope la dimbwi lililokosa hewa. Harufu ilitufikia kabla kisu hakijafika mwisho.

Kila nusu mita fundi alikata kipande, akakitia kwenye mfuko, akafunga, akaukanda, akasubiri dakika chache, kisha akachomeka mdomo wa kipima mvuke. Mita 3: sehemu 4 kwa milioni. Mita 5.5: 1,380. Kumbuka namba hiyo. Chombo hicho huthibitishwa kila asubuhi kwa gesi ya kipimo kinachojulikana, na yeye alifanya hivyo bila kukumbushwa, akaandika saa. Lakini kipima mvuke hakijui jina la kinachokinusa, na mafuta mazito hayatoi mvuke mwingi. Kwenye tangi la mafuta ya taa kilisoma 35 tu, na mtu mvivu angesema hapa hamna shida. Maabara ilikuta udongo ule umelowa mafuta. Binti alichukua sampuli pale kwa kuangalia rangi na kwa maneno ya mzee.

Sasa malalamiko ya kwanza. Siku ya kuchukua sampuli za maji waliwasha jenereta ya petroli ya kuendeshea pampu, wakaiweka upande upepo unakotokea, hatua tano kutoka kwenye kimoja cha visima vya kupimia walivyojenga. Unatafuta mikrogramu za petroli kwenye maji huku unajipulizia moshi wa petroli! Nilimwambia kijana aliyekuwa kwenye zamu. Akaniangalia kama mtu anayefundishwa kazi na mwenye nyumba, kisha akaihamisha. Haki yake nimpe: chupa moja aliyokwisha kuijaza aliimwaga na kuanza upya na chupa mpya, bila kuambiwa.

Na ujazaji wa chupa zile ulinipendeza mimi niliyeosha chupa maisha yangu yote. Ni vichupa vya mililita 40, ndani vina matone ya asidi ya kuzuia vijidudu visile sampuli njiani. Hujazi hadi kumwagika, maana utaosha asidi yote nje. Unajaza taratibu hadi maji yavimbe juu ya mdomo kama kuba, unafunga, unakigeuza chini juu, unagonga kwa kidole na kutazama. Ukiona kiputo cha hewa, sampuli imeharibika, kwa sababu benzeni itakimbilia kwenye hewa hiyo. Glavu mpya kila kisima. Chupa zikaingia kwenye sanduku la barafu pamoja na moja ya maji safi iliyotoka maabara na kurudi maabara bila kufunguliwa, ili ikionekana na benzeni ijulikane uchafu uliingia njiani. Ile yetu ilirudi safi. Maabara ya mwanzo, ya zile kurasa 14, haikuwa na chupa ya namna hiyo kabisa.

Kwa nini wasiwasi wote huu juu ya benzeni? Petroli ni nyepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa kama robo tatu ya kilo. Ikivuja hushuka kwenye udongo hadi ikutane na maji ya ardhini, kisha huelea juu yake na kutambaa. Sehemu ndogo huyeyuka na kusafiri na maji, na katika zile nne wanazozitafuta daima, yaani benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni, benzeni ndiyo inayoyeyuka kwa wingi zaidi, na husababisha saratani ya damu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha: petroli yenye benzeni asilimia 1 tu, lita yake moja ina benzeni ya kutosha kufikisha lita 740,000 za maji kwenye kiwango hicho. Na mzee alisema kikombe, kila wiki.

Walijenga visima vinne vya kupimia. Vitatu ndio wa chini kabisa kwa sababu ukiwa na viwili huwezi kujua maji yanaelekea wapi. Walipima vichwa vya mabomba kwa milimita, kisha kina cha maji, na tofauti kati ya kisima na kisima ilikuwa sentimita chache tu. Sote tulidhani maji yanaelekea barabarani kama mteremko ulivyo. Yanakata kona, yanaelekea kwa jirani, mama mmoja mwenye kisima chake umbali wa mita 60. Hapo mdogo wangu aliacha kuchora vyumba.

Kisima cha jirani kilipimwa wiki ile ile. Benzeni haikuonekana, na maabara ilikuwa na uwezo wa kuona hadi nusu mikrogramu. Binti alimweleza mama yule mwenyewe, mlangoni kwake, kwamba ardhini kuna bakteria wanaokula mafuta haya na ndiyo maana mara nyingi hayafiki mbali, na kwamba kwenye visima vyetu oksijeni ilikuwa karibu sifuri, dalili kwamba wanakula. Hakumwambia kwamba basi hamna neno. Alimwambia maji yake yapimwe tena wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Sasa kisima namba 4, ndicho kilichoila nyota.

Ripoti ya awali ya kampuni yetu ilisema kisima namba 4 kina benzeni mikrogramu 46. Imezidi kiwango, lakini kwa mahali pale ni kidogo mno. Nilikaa na karatasi hizo usiku kucha. Udongo wa tundu lile lile, mita 5.5, ulikuwa umepiga 1,380 na kutufukuza kwa harufu. Maji yako mita 5.8. Iweje udongo unuke hivyo na maji yaliyo sentimita 30 chini yake yawe karibu ya kustahimilika?

Nikaenda kwenye viambatisho, kurasa ambazo hakuna mteja anayezisoma, nikatafuta mchoro wa ujenzi wa kisima. Kisima cha kupimia ni bomba la plastiki: juu ni zima, chini lina nyufa nyembamba za kupitisha maji, limezungukwa na mchanga, na juu ya mchanga kuna muhuri wa bentonaiti, ule udongo unaovimba ukilowa. Sehemu yenye nyufa inatakiwa ivuke uso wa maji, nyingine iwe juu na nyingine chini, ili chochote kinachoelea kiingie. Visima 1, 2 na 3 vilijengwa hivyo, nyufa zinaanza mita 4.5. Kisima 4 nyufa zilianza mita 7. Zaidi ya mita nzima chini ya uso wa maji. Mafuta yanayoelea yangekutana na bomba zima, na bentonaiti juu yake. Kisima kilikuwa kinakunywa maji ya chini na kutuambia habari za chini.

Nilipiga simu. Binti alinyamaza kidogo, nikasikia karatasi zikifunuliwa, kisha akasema, "Mzee, uko sahihi. Nitakuja."

Kilichotokea ni hiki. Pale kuna tabaka la mfinyanzi kati ya mita 5 na 7, na maji hupita humo polepole sana. Walipochimba, tundu lilionekana kavu hadi mita 7.5, wachimbaji wakadhani ndipo maji yalipo, wakajenga kisima jioni ile ile ili mashine iondoke. Usiku maji yakapanda taratibu hadi mita 5.8 na kutulia. Wangeliacha tundu hadi asubuhi wangeyaona. Kosa la haraka, na naweza kulielewa. Nisilolielewa ni kwamba kina cha maji na kina cha nyufa vyote vilikuwa kwenye ripoti yao, kurasa tofauti, na aliyeisaini hakuviweka pamoja.

Ofisi yao ilitaka tulipie kisima kipya. Maneno yao: "hali za ardhi zisizotarajiwa", kifungu fulani cha mkataba. Wiki mbili za barua. Mwishowe walilipa uchimbaji wao na sisi tukalipa maabara. Ukiandikiana mkataba na watu hawa, waambie waandike kabla ya mashine kufika nani analipia kisima kikijengwa vibaya, na kwamba nyufa zitavuka uso wa maji yaliyotulia.

Kisima kipya kilichimbwa hatua moja kutoka cha zamani, nyufa kuanzia mita 4. Wakakiacha siku kadhaa. Kisha binti akashusha utepe wenye kichwa kinachotambua mafuta na maji: hulia mfululizo kwenye mafuta, hukatakata kwenye maji. Ulilia mfululizo. Sentimita 9. Alishusha kikombe kirefu angavu kwa kamba, akakipandisha polepole, na tukaona kwa macho: chini maji, juu yake petroli ya rangi ya chai kuukuu, imelala kwa mstari ulionyooka. Alinionya nisichukulie kwamba kuna sentimita 9 ardhini kote. Ndani ya bomba mafuta hukusanyika kwa unene mkubwa kuliko yalivyo kwenye udongo. Hata hivyo, mikrogramu 46 zilikuwa zimetuficha kitu hicho.

Ripoti ya mwisho ilikuja imechelewa wiki tano, kurasa 212. Zenye maana hazifiki 30, nyingine ni maneno ya kujilinda. Ukurasa wa 61 unazungumzia "eneo la kiwanda cha rangi". Sisi hatujawahi kuwa na kiwanda cha rangi. Ramani lakini ni safi sana, na kuna sehemu moja nilisoma mara mbili kwa furaha: nusu ukurasa unaotaja walichokipima na wasichokipima. Hawakupima mvuke chini ya sakafu ya nyumba ya jirani, wanasema hivyo waziwazi, na wanapendekeza upimwe.

Kwa hiyo: kazi ya shambani, tano. Binti yule peke yake, tano na nusu. Ukaguzi wa ofisi, mbili. Kwa jumla nne, na ningewaajiri tena, ila ningeomba michoro ya visima kabla ya ripoti. Vyumba vimehamishiwa upande wa barabara, kisima cha maji hatuchimbi, na mafuta yanayoelea yananyonywa kwanza.

Matangi yaliondolewa mwezi uliopita na wakandarasi wengine, binti akiwepo kuchukua udongo wa chini yake. Walitia barafu kavu ndani ili hewa ya kuwakia iondoke, ndipo wakalinyanyua tangi la petroli na kulilaza ubavu. Kutu ilikuwa ya kawaida kwa umri wake. Tundu lilikuwa moja tu, la kupitisha kidole, kwenye sakafu, chini kabisa ya mdomo wa kupimia. Kingo zake zilikuwa laini, zimelika kwa duara.

Mzee alikuwa amekuja kutazama. Aliinama akaliangalia kwa muda, akapitisha kidole kwenye kingo. "Hapo ndipo kilipokuwa kinagonga," akasema. Asubuhi na jioni. Binti akamuuliza kama kijiti chenyewe kilibaki. Kipo, akasema, kimeinua kamba ya kuanikia nguo nyuma ya nyumba, na kama wanakitaka wampelekee kwanza mti mwingine.